Kutoka Kibokoni Hadi Changamwe: Gari Lenye Mikwaruzo Sokoni

Anayevuka Likoni kwa feri huziona meli hizo mara kwa mara: ndefu, zenye kimo cha jumba la ghorofa nyingi, ubavu wake mtupu usio na madirisha, mfano wa sanduku kubwa lililotiwa majini. Feri husubiri, meli hupita kwenye mlango wa bahari kuelekea Kilindini, na watoto huuliza imebeba nini. Imebeba magari. Tumboni mwake mna orofa juu ya orofa za magari yaliyokwisha kutumika, mengi yao kutoka Japani, nchi ambayo watu wake hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi na huweka usukani upande wa kulia kama sisi. Yakifika gatini hayainuliwi kwa winchi. Huendeshwa moja baada ya jingine yakateremka, kisha hupelekwa kwenye maeneo ya kuhifadhia shehena ya Changamwe na Miritini. Kutoka huko hutawanyika. Mengine hupanda bara hadi Nairobi, mengine huvuka mpaka kwenda Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na mengine hubaki papa hapa Mombasa, yakapangwa safu safu katika yadi zetu na kuoshwa kila asubuhi.

Sisi wenyeji tumezizoea yadi hizi hata hatuzioni tena. Zipo kisiwani, zipo Nyali, zipo ng'ambo ya Makupa. Bendera ndogo za rangi zimefungwa kwenye kamba, kontena moja limegeuzwa ofisi, na kijana ana kitambaa mkononi kutwa nzima akipambana na vumbi na chumvi ya bahari. Mwezi uliopita tulipata sababu ya kuziangalia kwa makini, kwa kuwa tulimsindikiza binti ya ndugu yetu, mkaazi wa Kibokoni, aliyetaka kutoa gari lake la zamani, aongeze pesa, apewe jingine. Tumeona tuwaandikie wasomaji wetu, na hasa kina mama, yale tuliyoyaona huko, maana biashara hii ina milango mingi na si yote iliyo wazi.

Haja yake ilikuwa ya kweli. Mamake, ambaye ni shemeji yetu, alipatwa na kiharusi mwaka juzi, na upande wake wa kushoto haumtii. Mara mbili kwa wiki hupelekwa kunyooshwa viungo. Gari lililokuwapo lilikuwa Toyota Vitz, dogo na la chini, na kila safari ilikuwa ni kumkunja mzee, kumuinua mguu, kumuinamisha kichwa, na mwisho mzee analia kimyakimya kwa uchungu na kwa haya. Binti alikuwa amechagua Toyota Sienta, kwa sababu moja ambayo mwanamume wa yadi hangeifikiria: milango yake ya nyuma haifunguki kwa kupanuka nje bali huteleza ubavuni. Mwenye kuishi Mji wa Kale atafahamu mara moja. Zipo njia Kibokoni ambazo gari likisimama, mlango wa kawaida haupati nafasi ya kufunguka nusu.

Njia hizo hizo ndizo zilizoliandika lile Vitz. Mji ule haukujengwa kwa ajili ya magari. Ulijengwa kwa miguu, kwa punda na kwa mikokoteni, na kuta zake za mawe ya matumbawe zina meno. Anayepita Ndia Kuu saa ya watoto kutoka chuoni, tuktuk moja ikimjia mbele na hamali na rukwama lake wakimfuata nyuma, hana budi kuuchagulia ubavu wa gari lake pa kuumia. Vitz lilikuwa na mstari mrefu ubavu wa kushoto kutoka mlango wa mbele hadi dungumaro la nyuma, bampa la mbele limechubuka pembe zote mbili, juu ya gurudumu pamebonyea kiasi cha kiganja, na kioo cha pembeni kimefungwa kwa gundi. Injini nzuri, mafuta halili, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyetoka vitani.

Swali la kwanza likawa hili: litengenezwe kwanza ndipo lipelekwe, au lipelekwe kama lilivyo? Kakake alisema lipulizwe rangi, ling'ae, bei ipande. Tukaenda kumuuliza fundi wa bodi nyuma ya maghala ya Shimanzi, mzee ambaye ameshika nyundo tangu ujana wake na hana haja ya kumdanganya mtu. Fundi hakutazama kwanza, alipitisha ukucha. Akatuambia kwamba rangi ya gari ni matabaka, na la juu kabisa halina rangi, ni kama kioo cha kulinda. Ukucha ukipita juu ya mstari bila kukwama, mkwaruzo haujavuka tabaka hilo, na kompaundi na kitambaa hutosha kuuondoa. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeingia ndani, na hapo ni rangi mpya. Bampa ni plastiki, akasema, halishiki kutu, laweza kungoja hata miaka. Lakini akaweka kidole penye ule mstari, karibu na kizingiti cha mlango, mahali ambapo bati lilikuwa limeonekana na kuanza kugeuka rangi ya udongo. "Hapa ndipo pa kuogopa. Hewa yetu ina chumvi. Bara pangekaa, hapa panatembea chini ya rangi kama mchwa."

Kazi yote aliikadiria shilingi 28,000. Kisha akatoa shauri ambalo hatukulitarajia kwa mtu ambaye angelipwa kwa kazi hiyo. Alisema asifanye. Apake rangi ya kuzuia kutu penye bati tu, alioshe, alipeleke. Mnunuzi wa yadi akiona ubavu mzima umepulizwa rangi wiki jana hatasema gari limependeza. Atajiuliza limeficha ajali gani, na atakata bei kwa kile anachokidhania, ambacho daima ni kikubwa kuliko kilichokuwapo. Akaandika hesabu yake kwenye karatasi, kipande kwa kipande, akaigonga muhuri. Karatasi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa kuliko rangi yoyote.

Yadi ya kwanza tuliyoingia ilikuwa kisiwani. Tulikaribishwa vizuri, tukaletewa maji baridi. Muuzaji akatuelekea sisi na kakake binti, akatueleza habari za injini na za magurudumu, na mwenye gari na mwenye pesa amekaa pembeni kana kwamba amekuja kutembea. Jambo hili tuliliona kote, na twalisema kwa kuwa linaudhi. Mali ilikuwa yake. Miaka minne amepika biriani na pilau za harusi za watu, mumewe aliyeko Maskati akimwongezea anachoweza, na ilipotimia shilingi 800,000 alisema basi. Tulimwambia muuzaji kwa upole kwamba mnunuzi ndiye huyu, sisi ni ami yake tumemsindikiza tu. Akageuka kidogo, kisha shingo ikarudi pale pale.

Alilizunguka Vitz upesi, akapuuza mikwaruzo, akatabasamu. Akalipa shilingi 520,000. Kakake binti aliinuka kwa furaha, maana tulitarajia chini ya hapo. Sienta lake akalitaja 1,390,000. Binti hakusema kitu. Alitoa simu, akapiga hesabu, akatuonyesha: 870,000 za kujazia. Muuzaji alipoona zimempita akatoa fomu ya mkopo, malipo ya kila mwezi kwa miaka mitatu na ziada yake. Binti akamrudishia fomu kwa mikono miwili, akamwambia ahsante, lakini riba haiingii nyumbani kwake.

Tuliomba kuona karatasi ya mnada ya lile Sienta. Akasema imepotea.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu karatasi hiyo wengi hawaijui. Huko Japani gari lililotumika aghalabu huuzwa kwa mnada, na wanunuzi wengi huinunua picha kabla ya kuliona gari lenyewe. Ili mnada usiwe kamari, mkaguzi wa mnada hulipitia kila gari na kuandika karatasi moja. Juu yake huwa na alama ya jumla: 5 na 4.5 ni gari zuri sana, 4 zuri, 3.5 lina makovu ya kadiri, na herufi R huonyesha kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Chini yake pamechorwa gari lililokunjuliwa kama ngozi ya mnyama, na kila kovu limeandikwa mahali pake. A ni mkwaruzo, na A1 ni mdogo kuliko A2, nayo A2 ni mdogo kuliko A3. U ni mbonyeo. W ni mahali palipotengenezwa rangi ikabaki na mawimbi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Watu wa huko hawaachi gari kwa kuwa limeharibika tu. Sheria yao hutaka ukaguzi wa kulipiwa, wa kwanza baada ya miaka mitatu na mingine kila miaka miwili, na gharama zikizidi wengi huona heri wauze. Na sisi sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo yanayotufikia ni magari ambayo bado yana umri, na ambayo kila kovu lake liliwahi kuandikwa na mtu asiyekuwa na haja ya kulificha.

Halafu linavuka bahari, na karatasi inapotea. Gari halipotei, funguo hazipotei, kitabu cha gari hakipotei. Ushuru wa forodha nao haujali makovu, maana hukokotolewa kwa bei iliyo kwenye orodha ya serikali na umri wa gari. Ni karatasi ile tu inayoanguka baharini. Twasema haya bila kumtuhumu mtu mmoja, kwani ziko yadi zinazoitunza na kuitoa bila kuombwa, na mnunuzi mwenye namba ya chesisi aweza pia kuitafuta kwa kulipia kidogo mtandaoni. Lakini muuzaji anayesema imepotea ajue kwamba amekwisha kutuambia jambo.

Siku ya pili tulivuka Makupa. Wale wa umri wetu bado twaiita njia ya kifusi, ingawa tangu 2022 pana daraja na maji yanapita chini yake, na jahazi dogo laweza kupita mahali ambapo bahari ilizibwa tangu zama za Mwingereza. Upande wa pili hewa hubadilika, malori ya kontena yamejaa barabarani, na yadi za Changamwe hazina maji baridi wala bendera. Penye lango la yadi tuliyokusudia alikuwapo dalali, kama walivyo kila mahali, akaingiza kichwa dirishani kabla gari halijasimama.

Lipo jambo ambalo bado hatujawaambia wasomaji. Miaka miwili nyuma tuktuk iligonga mlango wa kushoto wa nyuma wa lile Vitz, mlango ukabadilishwa na mwingine wa gari lililovunjwa, ukapakwa rangi, ukakaa vizuri machoni. Ila mpira wake haukuwahi kukaza sawasawa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia polepole na zulia la nyuma hulowa chini kwa chini. Jua likiwaka wiki moja, hakuna alama wala harufu. Mikwaruzo yote ile iliyo nje kila mtu aliiona. Hili hakuna aliyeliona.

Dalali alipoambiwa akacheka. "Mama, usiseme ya zulia. Hii ni kaskazi, mvua haiko mpaka Machi. Wakijua, wewe u kwako."

Binti akanyamaza, akatutazama. "Ami, na nikisema nawauzia kama ilivyo, wakague wenyewe, si itatosha? Wao ndio wajuzi."

Ni swali la haki, nalo huulizwa sana, basi tulimjibu pale pale ndani ya gari huku dalali anasikiliza. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo wengi wetu pwani twayafuata, muuzaji akishurutisha kwamba hataulizwa juu ya aibu yoyote ya kitu, sharti hilo kwa kauli yenye nguvu halimtoi kwenye dhima, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama hula na kunywa na kuugua bila kusema; gari si mnyama, na zulia hilo twalijua. Tukamkumbusha Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikapata umajimaji. Mwenye chakula akasema ni mvua imelipata. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuwa hakuliweka lililolowa juu watu walione. Zulia nalo lililowa kwa mvua, tukamwambia, na lipo chini.

Tukiwa hapo twaomba ruhusa ya neno moja pembeni. Kiswahili chetu kimelichukua neno aibu kutoka Kiarabu, na leo mtu akilisikia hufikiria haya na fedheha. Kwa wenye vitabu vya biashara neno hilo ni la soko: ni ila ya bidhaa, kitu kinachopunguza thamani. Kwa hiyo mkwaruzo ni aibu kwa maana hiyo, wala si fedheha ya mwenye gari. Tumewaona kina mama wakiona haya kupeleka gari lililochubuka kana kwamba wanapeleka nyumba isiyofagiwa. Hapana haja.

Dalali alisema mzee huyu ameharibu soko, akaenda kwa gari jingine.

Mwenye yadi alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoka na kidude kidogo cha kupimia unene wa rangi, akakiweka kwenye boneti, kwenye paa, kwenye kila mlango. Rangi ya kiwandani, alitueleza, kwa kawaida huwa baina ya mikroni 80 na 180. Ikipanda sana juu ya hapo imepakwa tena, na ikiwa ni maelfu basi chini yake kuna puti. Mlango wa kushoto wa nyuma ulipokuwa ukisoma juu ya 300 aliinua macho. Binti hakumngoja aulize. Akamwambia habari ya tuktuk, ya mlango wa kuvunjwa, ya mpira na ya zulia, yote kwa pumzi moja. Mwenye yadi akafungua mlango, akainua zulia, akapapasa chini yake pakavu. "Kidude changu kimeniambia mlango," akasema. "Cha mvua kisingeniambia."

Toka hapo hakuzungumza tena nasi wala na kakake. Alizungumza naye.

Bei yake ya kwanza ilikuwa 500,000 kwa Vitz lisilo na kovu, akatoa 70,000 za mikwaruzo, ikabaki 430,000. Sienta lake 1,280,000. Za kujazia, 850,000. Wasomaji walinganishe na yadi ya kwanza. Huko walisifu gari, wakapuuza makovu, wakatoa 520,000, na bado mwisho wake ulikuwa ghali zaidi kwa shilingi 20,000. Bei ya gari la zamani peke yake haina maana yoyote. Aliyekupa nyingi kwa mkono huu anaweza kuwa ameshazichukua kwa mkono ule. Ndiyo maana twashauri bei ya gari unalotoa na bei ya gari unalochukua ziandikwe mbalimbali, kila moja kwenye mstari wake, kana kwamba ni biashara mbili na watu wawili.

Wako kina mama watakaotuuliza: je, yafaa kabisa kubadilisha gari kwa gari na kuongeza pesa? Si hivyo hivyo ndivyo mlivyotukataza kwa sonara? Ni swali jema, na tofauti yake ni muhimu. Bangili ya zamani ya dhahabu haibadilishwi kwa bangili mpya ya dhahabu kwa kujazia pesa. Dhahabu kwa dhahabu hutakiwa ilingane uzito na ikabidhiwe hapo hapo. Uza ya zamani, upokee pesa mkononi mwako, kisha nunua. Mtume (S.A.W.) alielekeza hivyo hivyo kwa tende: hafifu ziuzwe kwa dirhamu, na kwa dirhamu hizo zinunuliwe nzuri. Lakini magari hayamo katika vitu hivyo vya riba. Gari moja kwa gari jingine pamoja na nyongeza inafaa, maadamu kila kitu kinajulikana na wawili wameridhiana. Kuziandika bei mbili mbali ni kwa ajili ya macho kuona, si kwa ajili ya kuhalalisha.

Kisha binti akatoa karatasi ya fundi. Hakubishana wala hakuapa. Alimwonyesha kwamba kazi yote ya mikwaruzo ni shilingi 28,000, na muhuri upo, na fundi yupo Shimanzi akitaka kumuuliza. Mwenye yadi akasoma mstari kwa mstari, akasema fundi wake mwenyewe angechukua kama hivyo, na zile nyingine zilikuwa za usumbufu na za mnunuzi atakayeona haya. Akashuka, makovu yakawa 30,000, Vitz likapanda hadi 470,000. Lakini kwa mlango na zulia alikata 15,000. Ukweli ulikuwa na gharama yake, tusidanganyane. Likarudi 455,000, na za kujazia zikawa 825,000. Mkobani mlikuwa na 800,000.

Adhuhuri iliingia, tukaswali kwenye msikiti wa karibu na lango. Tuliporudi binti alikuwa na karatasi ya mnada ya Sienta juu ya boneti, maana yadi hii ilikuwa nayo na alipewa bila kuomba mara mbili. Alama yake ilikuwa 4. Kwenye mchoro, upande wa kulia wa nyuma, palikuwa na A1 mbili na W2 moja. Tulikuwa tumemfundisha herufi hizo njiani, tena kwa mzaha. Akaenda upande ule, akapitisha ukucha, kama fundi alivyofanya. A1 zote mbili akazipata kwa jicho na ukucha haukukwama. Kisha akachuchumaa akaangalia ubavu kwa mwanga wa jua la mshazari, na penye W2 taa ya barabarani iliyojiakisi kwenye rangi ilikuwa imepinda kidogo, kama iliyoonekana kwenye maji. Akaomba kile kidude. Kikasoma juu ya 200.

"Kovu langu ulilihesabu," akamwambia, "na hili lihesabiwe."

Mwenye yadi akatufanyia ishara ya mikono kwamba hana la kusema. Akatoa 20,000, Sienta likawa 1,260,000. Zikabaki 805,000. Zile 5,000 zilitoka kwenye pesa za mchele wa harusi ya Jumamosi, ambazo binti alikuwa nazo kwenye bahasha nyingine, na alizihesabu mara tatu kabla ya kuziachia.

Yaliyobaki ni ya makaratasi, lakini hapa ndipo watu wengi hudhurika, kwa hiyo twayataja. Anayeacha gari yadini asikubali liendelee kukaa kwa jina lake mpaka litakapopata mnunuzi. Ni desturi iliyoenea, na kwa yadi ni nafuu, maana hukwepa kulihamisha gari mara mbili. Lakini gari hilo likimgonga mtu, au likikutwa na kitu kiovu, jina linalosomwa kwanza ni la mama aliyeko nyumbani kwake Kibokoni akidhani yamekwisha. Uhamisho hufanyika siku hizi kwa akaunti za mtandao wa serikali, muuzaji huanza na mnunuzi hukubali. Binti alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi uhamisho wa Vitz ulipokubaliwa na kuonekana kwenye simu yake, na wa Sienta ukaanzishwa. Alikuwa ameandika pia karatasi ya makabidhiano, siku na saa, kilomita zilizosomwa, mikwaruzo ilipo, mlango na zulia. Wakatia sahihi wawili, na kakake na sisi tukawa mashahidi. Bima yake ya zamani aliipigia simu papo hapo kuisitisha, na ya gari jipya ilikuwa imeshakatwa tangu asubuhi, kwa kuwa gari lisilo na bima halitoki nje ya lango hata kama safari ni ya dakika kumi.

Tulirudi kabla ya magharibi. Foleni ya malori ilikuwa ndefu mpaka Kibarani, na harufu ya bahari ilikuja tulipofika darajani. Binti aliendesha polepole mno, na penye Ndia Kuu alikunja vioo vyote viwili vya pembeni akapita katikati ya tuktuk na ukuta bila kugusa. Shemeji alikuwa barazani na mkongojo wake. Mlango uliteleza, wala haukugusa ukuta wa jirani. Mzee aliukalia ukingo wa kiti kwanza, akaingiza mguu mzima, kisha kwa mkono wake mwenyewe akauinua ule mwingine.